Namba Moja Ukutani

Mpendae, Unguja
12 Machi 1970

Kwa mdogo wangu Msabah,

Salamu hizi zikukute huko Mombasa umekaa kitako, maana mimi nakuandikia nimesimama. Baskeli ya mtu iko miguu juu mbele yangu, na mwenyewe ananitazama mikono kama kwamba nitamuibia spoku. Sisi wazima. Shemeji yako Bi Kidawa anakusalimu sana. Kifua chake kimetulia. Mchele twaupata kwa foleni, mkate wa boflo kwa foleni, na foleni yenyewe siku hizi ina foleni yake. Mwanao Mwatum amepanda darasa la nne, katika watoto arubaini na wawili amekuwa wa tatu, na miguu imemtoka mirefu kama yako. Viatu vya Idi iliyopita havimuingii tena. Sikwambii kwa kukudai. Nakwambia ujue kwamba mtoto anakua.

Sasa nililokuitia. Klabu yetu ya Upepo imepaka chokaa nyumba yake, na kwenye ukuta unaotazama njia wameandika majina ya wakongwe kwa rangi ya buluu. Nafasi kumi na moja, kila mtu na namba aliyochezea. Wewe uko katikati, namba tano, na chini yake wameandika "Kapteni". Herufi zimekaa vizuri, sina ubaya nazo. Lakini tazama juu kabisa, penye namba moja. Pametupu. Wamepiga mstari, wakaacha.

Namba moja ya Upepo ni nani, Msabah? Nimekaa golini misimu kumi na nne. Mechi mia mbili na kumi na nane, nimefungwa mia moja na sitini na tisa. Gawa mwenyewe: haifiki goli moja kwa mechi. Mechi tisini na saba nimetoka sikufungwa kabisa. Penalti thalathini na moja nimepigiwa, kumi na moja nimezitoa. Sikusoma zaidi ya chuo cha Kurani, lakini hesabu hizi ninazo kichwani kama ninavyojua bei ya kila tairi.

Mwenyekiti sasa ni Hija, yuleyule fulubeki wetu aliyekuwa akipiga mpira kwa kufumba macho. Ameniambia usoni: "Mcha, wewe fainali ya hamsini na tisa ulivunja mwiko wa fundi, mganga wa timu. Wenzako wote tuliruka ua wa uwanja, wewe ukapita mlangoni kama mnunua tiketi. Wapinzani wetu Nanga wakatufunga matatu. Jina lako tukiliweka, ukuta utaanguka."

Mimi ninayekaza magurudumu ya nusu ya mji huu niangushe ukuta!

Kamati inakutana baada ya Idi ya Ramadhani. Inataka neno la kapteni wa siku ile. Andika mstari mmoja tu, kwamba Mcha hana kosa. Mmoja, Msabah. Stempu ni ileile kwa mstari mmoja au kumi.

Nasimamia hapa, mwenye baskeli keshaanza kukohoa.

Nduguyo mkubwa,
Mcha Simai


Mombasa
2 Mei 1970

Kwa Kaka Mcha,

Shikamoo, na shikamoo yangu nyengine umfikishie Bi Kidawa mkononi. Barua yako ilinifikia ikiwa imefunguliwa na kugandishwa gundi mara ya pili, basi yale mengine tusiyatie humu, tuzungumze mpira. Mimi sijambo. Kazi ya ghala inakwenda, mgongo tu ndio unaolalamika. Huku mvua imepiga mpaka maji yameingia ndani, tukapandisha vitu juu ya kitanda. Viatu vya Mwatum nimempa baharia mmoja wa Makunduchi, anasema atavifikisha. Nilikisia ukubwa kwa kukata kijiti.

Nimefurahi kusikia jina langu liko ukutani. Kusema kweli nilikaa nikalifikiria siku nzima.

Juu ya lako, kaka, usinikasirikie. Nakwambia kama kapteni, si kama mtoto wa mama mdogo. Hesabu zako sina shaka nazo. Lakini ukuta haukuandikwa kwa hesabu. Watu hawakumbuki mia moja na sitini na tisa, wanakumbuka siku. Yule winga wetu alikuwa hafungi hata goli tano kwa mwaka, lakini siku ile aliyowapita watu wanne uwanja mzima ukasimama, na kwa siku ile moja ameandikwa. Wewe siku yako, bahati mbaya, ni ile ya mlangoni. Fundi alisema sote turuke ua upande wa mivinje, mguu wa kulia mbele, na asipite mtu mlangoni. Ukapita. Kila mtu ana sababu zake, lakini watu waliokuwako waliona kwa macho.

Angalia nilivyo mimi. Nikiandika "hana kosa", wataniuliza: mbona alitoka kambini? Mbona alichelewa? Yatafunguka mengi bure. Wewe una duka lako, una heshima yako, watu wanakuita fundi. Jina kwenye chokaa ni la nini? Mvua mbili hizi limekwisha.

Liache, kaka. Mwambie Mwatum baba anamsalimu, asome.

Mdogo wako,
Msabah


Mpendae
20 Mei 1970

Msabah,

Sote wazima. Viatu vimefika, vinampwaya vidole viwili, nimevijaza pamba. Kijiti chako ulikikata kwa matumaini.

Jina kwenye chokaa ni la nini, waniuliza, na wewe lako umekaa ukalifikiria siku nzima. Haya.

Tuanze na ua. Upepo imecheza fainali tano. Nne tuliruka ua sote kumi na moja, na mimi nikiwemo, mguu wa kulia mbele, hata suruali ikanichanika. Katika hizo nne tulishinda moja. Moja! Nanga nao waliruka ua wao, na fundi wao alikuwa binamu yake fundi wetu, nani hajui? Fainali moja tu ndiyo niliyopita mlangoni. Ukuta ukitaka kumfuta mwenye hesabu mbaya, uanze kufutwa ua wenyewe.

Tuje kwenye magoli. La kwanza penalti, mpira aliushika nani kwa mkono? Namba tatu wetu. La pili Hija mwenyewe, mwenyekiti, alinipelekea kichwa nyavuni mwangu kama ananiletea barua. Yuko ukutani leo, kwa rangi ya buluu. La tatu ni langu, nakubali, liliteleza mikononi. Na kwa nini liliteleza wewe unajua, lakini kwa kuwa umeandika "kila mtu ana sababu zake", nami nakukumbusha sababu hizo zilikuwa za nani.

Siku ya fainali tuko kambini Mbweni, sijui hata wali wa mchana kama ulishapakuliwa. Anakuja mtoto wa jirani mbio: Shemsa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, mkunga anasema si salama, apelekwe hospitali. Mke wako, Msabah, si wangu. Wewe una hirizi ya timu mkononi na fundi keshakuambia kapteni akitoka tumekwisha. Ukanivuta nyuma ya tangi la maji. Ukaniambia, "Kaka, nenda wewe, una baskeli. Na uniapie hutasema nimekutuma, maana wakijua nimekubali mtu atoke kambini, hawatanisamehe." Nikaapa.

Nikapiga pedali Mbweni mpaka Ng'ambo. Nikampandisha marehemu Shemsa kwenye keria, mkunga anamshika nyuma, mimi nakokota baskeli kwa miguu, kila jiwe anataja jina la Mungu. Nimemfikisha. Nilisubiri mpaka niliposikia mtoto analia. Ndipo nikaja mbio uwanjani. Refa alikuwa kashatungojea dakika kumi. Upande wa mivinje watu wamejaa juu ya ua kama kunguru, pa kuruka hapana. Nikapita mlangoni. Nikasimama golini, na damu ya mkeo ikiwa kwenye mkono wa shati nililovaa ndani ya jezi.

Nimeapa na sijasema, na Shemsa na mkunga nao niliwaomba wafiche. Hata Kidawa hajui, yeye anadhani nilikuwa na kiburi na fundi. Miaka kumi na moja nasikia watoto wa mtaani wakiniona napita mlangoni mwa nyumba yangu mwenyewe wananiambia, "Mzee Mcha, ruka!" Nacheka. Nimechoka kucheka.

Kiapo ni changu. Kuniondolea ni juu yako. Sikuombi unipambe. Andika lililotokea.

Mcha


Mpendae
31 Agosti 1970

Kwa Msabah,

Nadhani barua yangu ya mwezi wa tano ilipotea. Au haikupotea.

Sisi wazima. Kidawa ametengeneza achari, amekuwekea chupa, lakini hapana wa kumpa akuletee. Nimebadilisha paa la duka, sasa ni bati, jua likiwaka unakaangwa humo. Sikai. Nakaza nati iliyokwisha kazwa, nazunguka, natoka njiani kumtazama mtu wa posta akija, kisha najifanya namtazama mtu mwengine.

Kuna jengine. Mwatum kila siku akitoka skuli hupita njia ya klabu, ingawa si njia yake. Jana nilimfuata kwa mbali. Alikuwa na wenziwe watatu. Akasimama chini ya ukuta, akapanda juu ya jiwe, akaweka kidole kwenye jina lako akalifuata herufi moja moja kama anayesoma juzuu. "Huyu baba'angu. Kapteni." Mmoja akamwambia, "Muongo, baba'ako fundi baskeli." Akamjibu, "Yule ba'mkubwa. Baba'angu ndiye huyu." Alikuwa na miaka minne ulipomuacha kwetu, Msabah, kwa "mwezi mmoja tu". Uso wako haukumbuki, nshamuuliza. Anao huo ukuta.

Bado nangoja mstari mmoja. Wanasema kama sina neno la kapteni watamuandika Kurwa. Kurwa! Misimu miwili, mechi ishirini na sita, kafungwa arubaini na moja. Huyo alikuwa haruki hata ua, alikuwa anabebwa.

Mcha


Mombasa
14 Novemba 1970

Kaka Mcha,

Shikamoo. Ramadhani imetukuta salama, na nakuombea nanyi mfunge kwa afya. Nimechelewa kujibu na sina cha kukwambia kuhusu kuchelewa. Nilianza barua mara nyingi. Nyumbani kelele nyingi siku hizi, mtu hapati pa kuandika.

Ulinyamaza, kaka, baada ya fainali ile. Siku mbili tatu za mwanzo nilikuwa nangoja uniambie, "Msabah, sema." Hukuniambia. Kimya chako kikanipa raha, na raha mtu huizoea hata akadhani ni haki yake. Sina zaidi.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili, ya kamati. Nimeiandika hivi:

"Mimi Msabah, kapteni wa Upepo siku ya fainali ya 1959, nasema kwamba golikipa Mcha Simai alitoka kambini kwa kutumwa na mimi, kwa haja ya nyumbani kwangu. Kwa haja hiyo alichelewa, na kwa kuchelewa alipita mlangoni. Alinificha kwa kuwa nilimuapisha. Lawama ya siku ile si yake."

Ipeleke wasomewe hadharani. Wakitaka na sahihi ya shahidi nitaitafuta.

Kuhusu kuja huko, sijui, kaka. Usiniulize kwa barua. Mpe Mwatum mkono wa Idi kwa niaba yangu. Je, viatu sasa vinamkaa?

Mdogo wako,
Msabah


Mpendae
9 Januari 1971

Kwa mdogo wangu Msabah,

Tumefunga, tumefungua, tuko hai. Kidawa alipika bokoboko siku ya Idi kwa ngano aliyoihifadhi tangu mwezi wa tatu, Mungu anajua alikoificha. Viatu sasa vinamkaa Mwatum sawasawa, pamba nimezitoa. Kwa hesabu yangu vitambana mwezi wa sita. Bahasha yako ya mwisho juu yake ilikuwa na mwandiko wa kike, na kelele za nyumbani ulizozitaja nazijua ni za umri gani. Hongera. Ungesema tu.

Barua yako ilifika wiki moja kabla ya kikao. Niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikatoka nikaenda Forodhani kwa miguu na kurudi. Siku ya kikao nilivaa kanzu ya Idi, karatasi nikaitia mfukoni. Nikamwambia Mwatum, na hapa ndipo nilipokosea, nikamwambia, "Leo itasomwa barua ya baba'ako klabuni." Sikudhani atakuja. Nilipoingia nikamuona nje, kidevu kwenye dirisha, amevaa gauni la Idi na viatu vile.

Hija akafungua kikao. Akasema namba moja lazima ijazwe leo. Kisha akasema maneno haya, nayaandika kama yalivyotoka: "Mimi sina chuki na Mcha. Lakini kosa la siku ile lina mwenyewe. Ikiwa si la Mcha, atajwe mwenye nalo. Na akitajwa, hata kama yumo ukutani tayari, nachukua brashi ya chokaa mimi mwenyewe namfuta. Ukuta huu hauweki aliyevunja mwiko."

Mmoja nyuma akamwambia, "Na aliyejifunga kwa kichwa je, Hija?" Watu wakacheka, na yeye akacheka, lakini hakurudi nyuma na neno lake. Wakalipigia neno hilo kura kwa mikono. Kumi na tisa walikubali, wanne hawakukubali. Mimi nilikuwa katika hao wanne.

Akanigeukia. "Haya, Mcha. Ulisema una neno la kapteni. Liko wapi?"

Mkono ulikuwa mfukoni, karatasi naigusa. Msabah, mimi ni mtu wa hesabu, na hii ilikuwa rahisi hata mtoto wa darasa la kwanza angeifanya. Mmoja akipanda, mmoja anashuka. Mimi nikipanda napata nini? Jina juu ya njia, na watoto wa mtaani waache kuniambia niruke. Si kidogo, usidhani ni kidogo. Nimelitaka miaka kumi na moja. Lakini mimi nina duka, na mke, na jina langu liko kwenye bati mbele ya duka, nimeliandika mwenyewe. Kule dirishani kulikuwa na mtu ambaye baba aliyenaye ni herufi sita tu na neno "Kapteni".

Nikasema, "Haijafika."

"Basi mwenyewe una la kusema? Kwa nini ulipita mlangoni?"

"Nilichelewa," nikasema.

"Ndiyo hilo tu?"

"Ndiyo hilo."

Wamemuandika Kurwa. Mechi ishirini na sita, goli arubaini na moja. Rangi imechuruzika kwenye K, na mimi sikuwaambia.

Njiani nilikwenda na Mwatum mpaka kwenye kona ya skuli. Kisha akaniuliza, "Ba'mkubwa, hakuandika?" Nikamwambia posta. Akasema, "Posta mara zote." Hakulia. Angalilia ingalikuwa afadhali.

Usidhani nimekusamehe. Nikikaza nati nakukaza wewe. Na usiniandikie kunishukuru, stempu ghali.

Karatasi yako ya kamati nakurudishia humu ndani. Haina mkunjo wowote ila ule wako na mmoja wangu. Nimefikiri, haikuwa ya kusomewa watu ishirini na watatu. Ilikuwa ya kusomewa mmoja, na msomaji awe wewe. Mwambie Mwatum siku ile ya kombe aliyozaliwa ilikwendaje, mama'ake alipandishwa nini, nani alikokota na nani alitaka kwenda asiweze. Mimi siwezi kumwambia, nimeapa.

Nilichelewa dakika kumi, nimeandikwa mkosaji maisha yangu yote. Wewe mwezi ujao unatimiza miaka saba ya kuchelewa. Njoo na hao ulionao, chumba cha nyuma kina bati jipya. Na ukija, Msabah, usiogope watakaokuwa barazani wakikutazama. Pita mlangoni.

Mcha